Chefu wa Moshi

Shemeji yangu Gaspard ni chefu, mkuu wa kijiji. Nasema ni chefu, sisemi alikuwa, maana kofia anayo, kiti anacho, na ule ugonjwa wa kukohoa kabla ya kutamka neno lolote, hata neno lenyewe likiwa la kuomba chumvi, haujamtoka. Anachokosa ni kitu kimoja tu, nacho ni kijiji. Kijiji chake kiko chini ya maji.

Niwaeleze kwanza hiyo nchi yenyewe, msije mkadhani nazungumzia himaya. Kamusenyi ni kipande cha mchanga kaskazini ya mji wa Uvira, kati ya ziwa na barabara kubwa iendayo Sange. Upande wa machweo kuna barabara, na nyuma ya barabara milima inaanza papo hapo, bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi. Upande wa macheo ni ziwa, na siku ya anga safi mabati ya Bujumbura yanaonekana yaking'aa ng'ambo. Kaskazini ni matete, makao ya viboko. Kusini ni kijito cha Nyamabuye, na hicho ndicho mpaka wetu na kijiji cha Rugeregere. Ndani ya mipaka hiyo palikuwa na nyumba zetu, mihogo yetu, kikanisa chetu juu ya kituta kilicho karibu na barabara, na basi. Mtu akipiga chafya kwenye matete, aliye kijitoni alimtakia afya.

Nchi hiyo Gaspard aliirithi kwa baba yake, naye baba yake aliirithi kwa babu. Aliitawala kana kwamba Kinshasa ni uwanja wake wa nyuma.

Kwetu serikali imepangwa hivi. Juu ya chefu wa kijiji yuko chefu wa groupement, anayevishika vijiji vyote vya upande huu. Juu ya groupement kuna chefferie, juu ya chefferie kuna territoire, na juu ya territoire kuna watu tunaowasikia redioni. Kila mmoja humkoholea aliye chini yake. Gaspard ndiye wa chini kabisa, kwa hiyo akabaki kutukoholea sisi.

Mkiniuliza alifanya kazi gani, nitawajibu kwa haki. Aliamua kesi za mbuzi walioingia mashamba ya watu. Jumamosi asubuhi aligonga jante, kile chuma cha gurudumu la lori, iliyotundikwa nje ya kikanisa, ili watu watoke kwenda salongo, ile kazi ya pamoja ya kufyeka na kuchimba mifereji, ambayo yeye aliifanya kwa kidole: hapa fyekeni, pale chimbeni, wewe mbona umesimama. Misani alikaa benchi ya mbele. Mvuvi akipata mikeke wanono, mmoja alijua njia ya kwenda kwa chefu.

Lakini siku aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kuwakumbuka marehemu, mwezi wa kumi na moja. Katika parokia yetu, siku hiyo katekista huita vijiji kimoja kimoja: wafu wa mahali fulani! Na chefu wa kijiji kilichoitwa husimama na kuwajibia wafu wake kwa neno moja: "Beko." Maana yake wapo, hatujawasahau. Machefu wengine husimama, husema, hukaa. Gaspard husimama polepole, huvua kofia, hutazama huku na huku kuhakikisha kwamba anatazamwa, hukohoa, kisha ndipo husema. Mume wangu Étienne alipokuwa hai alizoea kunifinya ubavuni nisicheke. Halafu Étienne naye akaugua, akawa mmoja wa hao wanaojibiwa. Tulimzika upande wa ziwa, karibu na pale alipozoea kuanika nyavu, na tangu hapo sikuwa tena na wa kunifinya.

Mimi naitwa Georgette. Dada yangu mkubwa ni Josée, mke wa huyo chefu. Sisi ni watoto wa Kasenga, mtaa wa mafundi na maduka pale mjini Uvira, na baba yetu alikuwa seremala. Gaspard alipokuja kumposa Josée alikuja amevaa kofia ya baba yake, ambayo ilikuwa ikimwangukia machoni, akajieleza kwamba siku moja atatawala. Mama yetu akamuuliza atatawala nini. Akasema, "Udongo na batu." Kwetu watu ni batu, na wafu ni bafu. Mama akamtazama viatu, akasema afadhali fundi baiskeli. Lakini wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na mwaka ule nyumbani kwetu palikuwa na vikohozi viwili kwa pamoja. Josée akaolewa. Mimi nikaja Kamusenyi kumtembelea, nikamwona Étienne akishusha nyavu, nikasahau njia ya kurudi.

Kisha ziwa likapanda.

Halikuja kwa hasira. Lilikuja kama mgeni asiye na haraka. Kwanza lililowesha mahali pa kuanika nyavu, watu wakasema litarudi. Likapita juu ya makaburi, watu wakanyamaza. Lilipoanza kuzima mafiga jikoni, kila mtu alibomoa mabati yake, akayatwika kichwani, akavuka Nyamabuye kwenda Rugeregere, ambako ardhi imeinuka. Chefu wa huko ni Toussaint, mtu mnene mwenye maneno machache, anayependa kulala kuliko kutawala, na kwa sababu hiyo sina lawama naye. Alitupa mahali pa kujenga, akarudi kitandani.

Gaspard alikataa kuvuka. Nyumba yake ilikuwa karibu na kikanisa, juu ya kile kituta, ambapo maji hayakufika. Alitoa kiti nje, akakaa akitazama ziwa lililojaa ndani ya nyumba za raia wake.

"Kijiji iko," alituambia. "Maji njo ilikuya ku kijiji. Mugeni akikuya kwako, weye njo unahama?"

"Mugeni gani huyu anataka kulala mu kitanda yangu?" Josée akamjibu. "Minye naenda. Na sufuria nazo zinaenda."

Akaenda kweli, na sufuria zikaenda. Gaspard akabaki na kofia, kiti, jante na kikanisa. Lakini msimwonee huruma mapema. Kila jioni alivuka kijito, akaketi kwenye nyumba mpya ya mke wake, akala bugali na sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, mpaka akalamba vidole, kisha akasimama, akakohoa, akarudi kwenye madaraka yake. Kutawala alitawala Kamusenyi, kula alikula Rugeregere. Nilimwambia kuna kiboko kule kwenye matete anaishi vivyo hivyo, mchana majini, jioni mashambani kwa watu, ila yeye havai kofia.

Siku zikapita, mpaka habari ikatufikia kwamba Clovis anakuja. Clovis ndiye chefu wa groupement, mkubwa wa Gaspard na wa Toussaint pia. Masika yalikuwa karibu, na maji ya mlimani kila mwaka huila barabara, kwa hiyo salongo kubwa ya mfereji ilipaswa kugawanywa kwa vijiji. Na tena, walisema, Clovis anataka kuona kwa macho yake kama Kamusenyi bado ni kijiji, au kama kifutwe na ardhi yake iliyobaki iunganishwe na Rugeregere.

Hapa lazima mjue namna groupement yetu inavyohesabu watu. Haiingii nyumbani kwa mtu. Mkubwa hupanda mlimani nyuma ya barabara alfajiri, wakati wa kuwasha moto, na kuhesabu moshi. Moshi mmoja, nyumba moja. Ndivyo walivyofanya mababu, na Clovis, ambaye ana simu mbili mfukoni, hajaona sababu ya kubadili. Kijiji ni moshi, wanasema. Pasipo moshi hapana kijiji, na pasipo kijiji hapana chefu.

Mimi riziki yangu ni maandazi. Nayakaanga kando ya barabara, nawauzia wenye pikipiki na wasafiri wa Sange, kwa hiyo niko macho kabla ya ndege. Asubuhi moja, siku chache kabla ya Clovis kuja, nikaona moshi unapanda Kamusenyi. Si moshi wa kawaida. Ulikuwa mweupe, mzito, unaotambaa kama umechoka. Nikasema, Gaspard amejichoma. Nikaacha karai la mafuta kwa jirani yangu Alliance, nikavuka kijito mbio.

Nilimkuta katika jiko la zamani la huyo huyo Alliance. Ukuta mmoja ulikuwa umeanguka, maji yalimfika magotini. Juu ya ukuta uliosalia alikuwa ameweka beseni bovu la bati, ndani ya beseni ameshindilia matete mabichi, na anapuliza. Macho yalikuwa mekundu, masharubu meupe kwa majivu, na kofia kichwani, maana bila kofia ningemdhania mwizi.

"Shemeki, weye unafanya nini humu?"

"Napika."

"Unapika nini?"

Akakohoa, safari hii kwa haki. "Moshi," akasema.

Akanieleza mpango wake kwa fahari, kama mtu aliyegundua chumvi. Siku Clovis akipanda mlimani, kila jiko la Kamusenyi litatoa moshi, hata yale yaliyozama. Leo alikuwa anajaribu tu. Nikamtazama mwanaume huyu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwasha moto, ambaye akihisi baridi alimwita mke aje asogeze kuni, sasa anatembea majini kutoka jiko hadi jiko kama bibi harusi wa nyumba zote.

"Na hii matete mubichi ni ya nini?" nikamuuliza. "Kuni kavu hakuna?"

"Kuni kavu haina moshi mingi."

"Mwanamuke gani anapika na matete mubichi?"

"Clovis atajua je? Yeye naye anapikaka?"

Hapo alinishinda, nakiri. Nikarudi kwenye maandazi yangu.

Siku ilipofika, sisi wanawake wa Rugeregere tulisimama kando ya barabara tangu alfajiri, tukishika midomo. Hakuna mtoto wa kike mwenye akili ambaye angedanganyika na kile kijiji. Moshi ulianza upande wa matete, ukaja wa pili hatua chache kusini, ukaja wa tatu, sawasawa na mwendo wa mtu mmoja anayetembea. Hakukusikika kinu kinachotwanga sombe. Hakuna jogoo, hakuna mtoto anayelia kwa kuoshwa uso, hakuna mwanamke anayemtukana mume. Kijiji kizima kinapika, na hakuna hata anayegombana! Alliance aliona moshi unapanda kutoka jikoni kwake, akaanguka chini kwa kicheko.

Clovis alikuwa juu mlimani na mwavuli wake. Aliunyoosha mwavuli, akahesabu Kamusenyi kwa sauti, akapita ishirini, akafurahi. Kisha akageuza mwavuli upande wa Rugeregere. Na hapa ndipo utawala wetu ulipoonyesha akili zake zote. Sisi tuliokaa karibu na barabara siku hizi tunapikia makala, yaani mkaa, kwa sababu malori yanayashusha pale pale. Makala hayatoi moshi. Rugeregere, iliyojaa watu mpaka mbuzi hana pa kulala, ilikuwa na moshi wangu wa maandazi, na wa bibi mmoja mzee anayechukia makala, na labda miwili mingine.

"Toussaint!" Clovis aliposhuka aliita. "Kijiji yako iko kadogo hivi? Na batu banasema Kamusenyi ilikufa! Kamusenyi iko kijiji kubwa!"

Toussaint alielewa upesi kuliko nilivyomdhania. "Ndiyo, Papa Chefu," akasema. "Iko vile unaona." Akafunga mdomo, maana kijiji kidogo kina kazi ndogo.

Gaspard alikuwa amefika, amelowa mpaka kiunoni, kifua mbele. Clovis akampa mkono, akatangaza mbele ya wote kwamba Kamusenyi haifutwi. Gaspard akakohoa kwa utukufu. Ndipo Clovis akaendelea. Mfereji utachimbwa Jumamosi, kila moshi pima moja. Rugeregere wachimbe kile kipande kifupi karibu na kalavati. Sehemu yote inayobaki, kupita kikanisa mpaka kwenye matete, ni ya Kamusenyi, kijiji kikubwa. Na chefu ambaye watu wake hawatakuwa wamemaliza Jumamosi jioni atakuwa ameshindwa kuwaongoza, atavuliwa kofia, na kijiji chake atapewa jirani.

Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Hawakusema pana watu.

Jioni ya Ijumaa Gaspard alivuka kuja kula, lakini hakula. Alimega tonge moja, akalizungusha kwenye sombe, akaliacha hapo. Nilikuwepo, nikaona jambo lisilowahi kutokea katika historia ya Kamusenyi.

"Enda kwa Clovis," Josée akamwambia. "Umuambie ukweli."

"Nimuambie je? Kama minye njo nilikuwa mama ya nyumba yote ile?"

Josée akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu nikaona kwamba kicheko kimekwisha na machozi yanaendelea. Alikuwa amechoka, dada yangu. Alikuwa amechoka kuulizwa na majirani kama ni mjane au ni mke wa mtu, na alimpenda yule mtu, hilo ndilo lililomtesa. Gaspard alivaa kofia, akaenda zake.

Asubuhi ya Jumamosi tuliisikia jante. Kung'! Kung'! Kung'! Aliigonga kwa muda mrefu, kama anavyofanya siku zote, kuwaita watu wa Kamusenyi watoke majumbani. Maji yakatulia. Hakutoka hata samaki. Basi akashuka mwenyewe na jembe, akaanza.

Watu wa Rugeregere tulikuwa wengi kwenye kipande chetu kifupi hata majembe yaligongana. Jua halijapanda, tumemaliza. Hapo hakuna aliyerudi nyumbani. Tulikaa kando ya barabara, tukageukia upande wa pili kutazama. Na sisi tuliotazama, wengi wetu, tulikuwa ndio raia wake wa jana, wale wale aliowanyooshea kidole. Sasa yeye ndiye alikuwa ndani ya mtaro, anainuka na kuinama, jembe linapiga jiwe, kofia inaanguka, anaiokota, anaivaa, inaanguka tena. Watu wakaanza kumnyooshea vidole: hapa fyeka, pale chimba, wewe mbona umesimama! Mimi nilileta maandazi. Sitadanganya, yalikwisha.

Jua lilipokuwa kali nikaona nikamwongezee chumvi kwenye kidonda. Nikavuka hadi alipokuwa.

"Shemeki, unachimba mufereji ama kaburi?"

Akainua jembe tena. Kipande alichokuwa amechimba kingetosha mbuzi alale, kama mbuzi mwenyewe angekunja miguu. Mikono ilikuwa inatoka damu.

"Wacha hii," nikasema. "Sema tu kijiji ilikufa. Toussaint atakupa fasi, bibi yako atakupikia, utazeeka umeshiba kama batu bote. Kofia njo inakuua hivi?"

Akaegemea mpini. Nikasubiri akohoe. Hakukohoa.

"Georgette," akasema, na hajawahi kuniita kwa jina tangu nimjue, "mwezi ya kumi na moja, katekista akimaliza kuita Rugeregere, ataita nani?"

"Ataita vijiji ingine. Kwa nini?"

"Kijiji yenye haiko, haiitwi. Toussaint atasimama kwa bafu ya Rugeregere. Na bale beko chini ya maji, nani atabajibia? Baba yangu iko pale. Étienne iko pale. Hata kaburi hatuioni tena. Ile neno moja njo ilibakia."

Watu wa Kasenga hatukosi jibu. Mama yetu alikuwa anaweza kumjibu padri. Mimi nilitazama ziwani. Niliona tu mahali pale pa kuanika nyavu, na maji yake yaliyotulia, ambayo kwa miaka nimekuwa nikigeuza uso kila nikipita nisiyaone. Nilikasirika. Nilimchukia Gaspard wakati ule, kwa sababu alikuwa na haki, na mtu wa namna ile akiwa na haki huuma mara mbili.

"Nipe hiyo jembe," nikamwambia. "Unaishika kama mwiko."

Nikachimba. Nilichimba kwa hasira, na hasira ni nguvu, mkitaka kujua. Kisha nikageukia barabara, kule walikokaa wakicheka, nikapaza sauti.

"Alliance! Mama yako alizikwa wapi?"

Kicheko chake kikakatika.

"Noella! Mutoto yako tulimulaza wapi? Sema, batu basikie! Élisabeth, na bwana yako? Ku Rugeregere? Mulikuwa na kaburi ku Rugeregere, minye sikujua?"

Wa kwanza kusimama alikuwa Josée, ambaye kumbe alikuwa amekuja na jembe tangu asubuhi, amelificha nyuma yake. Alivuka bila kumtazama mume wake, akaingia mtaroni. Alliance akafuata akijifunga kitenge kiunoni na kunitukana. Wakaja mmoja mmoja, na kila aliyekuja alikuwa na mtu wake chini ya ziwa. Wanaume wachache walikuja pia, wakijifanya wanakuja kutuonyesha namna ya kuchimba. Gaspard, tulipokuwa wengi, alianza kuinua kidole kile cha zamani. Josée akamtazama. Akakishusha, akaokota jembe la mtu.

Clovis alipita alasiri, mwavuli juu. Mfereji ulikuwa umekwisha pita kikanisa na unakaribia matete. Alitazama migongo ya wanawake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nilisema kijiji iko kubwa!" akasema. "Na banaume yenu bengine beko wapi?"

"Beko ku ziwa, Papa Chefu," dada yangu akajibu bila kuinua uso.

Clovis akaridhika, maana kwa akili yake ziwani ni mahali pa kuvua tu. Akasifu bidii ya wavuvi wetu, akaenda zake. Ndivyo Kamusenyi ilivyobaki kijiji mbele ya serikali: kijiji kikubwa, chenye watu wachapakazi, na ndani yake halali mtu hata mmoja. Mfereji wenyewe umepinda kama nia ya chefu wake, lakini masika yamekuja na maji yanapita.

Gaspard sasa analala Rugeregere kwa mke wake. Kila alfajiri huvuka Nyamabuye, akaingia kwenye ile nyumba ya kitutani, akawasha moto mmoja, akakaa kwenye kiti mpaka uzimike. Kuni namgawia mimi, kavu, maana siwezi kustahimili kuona aibu ile ya matete kila nikikaanga maandazi. Nimemfundisha na mafiga yanavyopangwa. Hana shukrani, ananiambia moto wangu hauonekani vizuri kutoka mlimani.

Mwezi wa kumi na moja tulijaa kanisani kwenye parokia. Nilikaa benchi iliyo nyuma yake, viganja bado vina sugu. Katekista akaita Rugeregere, Toussaint akasimama, akasema, akakaa. Kisha katekista akavuta pumzi, akaita: "Wafu wa Kamusenyi!"

Gaspard akasimama polepole. Akavua kofia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kuhakikisha kwamba anatazamwa. Akakohoa. Akakohoa tena. Hakuna aliyenifinya ubavuni, wala sikuwa na kicheko. Nilishika benchi kwa mikono miwili nikasema moyoni, sema basi, mjinga weye, sema.

"Beko," akasema.